Kupatana bei na vyuo vya sheria vya Marekani: shajara ya mradi, msimu wa 2025–26

Mradi wenyewe: kuanza JD, ile shahada ya sheria ya miaka mitatu, Agosti 2026, bila kukopa benki hata senti. Niko Houston, Texas. Shahada yangu ya kwanza ni ya Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), nina ukaazi wa kudumu, mke wangu ni nesi na tuna mtoto mmoja. Alama yangu ya LSAT, mtihani wa kuombea vyuo vya sheria, ni 168.

Vyuo nimeviita A, B, C na D. Hakuna faida ya kuvitaja majina, na kimoja wapo itabidi niishi nacho miaka mitatu. Tarakimu za ada nimezikata kwenye maelfu ili hesabu isomeke.

Oktoba 2025: maombi yametumwa

Hatua hii haina mengi. Kila kitu kinapita LSAC, shirika linaloendesha mtihani huo na kupeleka nyaraka za waombaji vyuoni: kufanya mtihani wa LSAT ni karibu dola 250, kufungua faili la nyaraka ni zaidi ya dola 200, na kila chuo unachopelekea faili hilo ni dola 45. Kabla ya kulipa ada ya maombi ya chuo chenyewe, andika baruapepe fupi uombe wakusamehe. Vyuo vingi husamehe bila maswali. Mwenye kipato kidogo aombe pia msamaha wa LSAC mapema, kabla hajajiandikisha mtihani, kwa sababu hela ikishalipwa hairudi.

Jambo moja linawahusu waliosoma nyumbani. LSAC haigeuzi GPA (wastani wa alama) ya 5.0 ya Dar kuwa GPA ya 4.0 ya Kimarekani. Nyaraka zikitoka chuo kikuu moja kwa moja, wanazikagua na kuandika tathmini ya maneno: bora, juu ya wastani, wastani, chini ya wastani. Kwa hiyo GPA yangu haiingii kwenye takwimu za chuo chochote, haiwapandishi wala haiwashushi. Kinachobaki mezani ni LSAT. Nimelichukua hilo kama habari njema, maana GPA yangu ya mwaka wa pili Mlimani si ya kuonyesha wageni.

Novemba 2025: kizingiti cha 50,000

Kabla ya mwaka huu mtu angeweza kusema "nitakopa tu". Mkopo wa serikali kuu ulioitwa Grad PLUS ulikuwa unafunika gharama yote ambayo chuo kimeitangaza, hata ikifika laki moja kwa mwaka. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imeufunga mlango huo kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Mwanafunzi wa sheria sasa ataweza kukopa serikalini dola 50,000 kwa mwaka, jumla isizidi 200,000. Kinachozidi hapo ni benki, na benki zinataka historia ya mikopo au mdhamini.

Riba ya mkopo wa serikali kwa mwaka wa masomo 2025–26 ni 7.94%, na inaanza kuhesabiwa siku hela inapotoka, wewe ukiwa bado darasani. Dola 50,000 zinazaa dola 3,970 kwa mwaka. Juu ya hapo wanakata ada ya 1.057% kabla hujaona hela. Kiwango cha mwaka ujao kitajulikana baada ya mnada wa hati fungani za serikali wa Mei.

Kwa hiyo sifukuzii ufadhili mkubwa kuliko wote. Ninachotaka ni pengo, yaani ada jumlisha gharama za kujikimu toa ufadhili, lishuke chini ya 50,000 kwa mwaka. Chuo kinachokupa 40,000 huku kikidai 106,000 ni ghali kuliko kinachokupa 10,000 huku kikidai 57,000. Linaonekana ni jambo la wazi, lakini kwenye kundi letu la WhatsApp watu wanapongezana kwa ukubwa wa ufadhili tu.

(Kwa anayeomba akiwa Dar, Nairobi au Bujumbura na kuja kwa viza ya mwanafunzi: mikopo ya serikali ya Marekani haikuhusu kabisa, na lazima uonyeshe hela ya mwaka wa kwanza kabla ya kupewa karatasi za viza. Kwako wewe kila dola ya ufadhili ina uzito zaidi, na barua zako ziseme hivyo waziwazi.)

15 Desemba 2025: ripoti za 509 zimetoka

Chama cha wanasheria cha Marekani, ABA, kinalazimisha kila chuo cha sheria kinachokitambua kutangaza ripoti iitwayo 509 kila mwaka kufikia tarehe 15 Desemba. Ni ya bure na iko kwenye tovuti ya kila chuo. Hii ndiyo karatasi muhimu kuliko zote katika mradi huu, na wengi hawaijui.

Ndani yake nilitafuta vitu vitatu. Kwanza, alama ya LSAT ya katikati ya darasa. Vyuo vinapimwa kwa namba hiyo kwenye orodha za ubora, kwa hiyo mtu aliye juu yake ana thamani ya fedha kwao, na aliye chini yake hana, hata akiwa na hadithi ya kutoa machozi. A alama yao ya katikati ni 170, B ni 166, C ni 163, D ni 157. Hapo nikajua tayari nani atabana na nani atamwaga.

Pili, jedwali la ufadhili: wangapi wamepata chini ya nusu ya ada, wangapi nusu hadi ada yote, wangapi ada yote. Linakuambia kama unachotaka kuomba kinatolewa pale au unaota. Tatu, ufadhili wenye masharti: wangapi waliingia nao, na wangapi ulipunguzwa au kufutwa. Safu hiyo ilikuja kunisaidia Februari.

Harvard, Yale na Stanford nimeviacha nje ya mradi. Vinatoa msaada kwa uhitaji tu, kwa hiyo huko barua ya ushindani kutoka chuo kingine haina kazi.

Januari 2026: majibu, na meza ya kwanza

Nimekubaliwa kote kunne. Kwa mwaka:

A (binafsi, jiji kubwa la mashariki): ada 74,000, kujikimu 32,000, ufadhili 25,000. Pengo 81,000.
B (binafsi, katikati ya nchi): ada 66,000, kujikimu 24,000, ufadhili 35,000. Pengo 55,000.
C (cha serikali, hapa Texas): ada ya mkazi 32,000, kujikimu 25,000, ufadhili 10,000. Pengo 47,000.
D (binafsi, mji mdogo): ada 58,000, kujikimu 23,000, ufadhili 58,000. Pengo 23,000, kwa sharti.

Walio nje ya Texas wasiviruke vyuo vya serikali vya hapa. Sheria ya jimbo inaruhusu mgeni aliyepata ufadhili wa ushindani wa angalau dola 1,000 kutoka chuo cha serikali alipishwe ada ya mkazi, kwa idadi maalumu ya wanafunzi. Dola 1,000 ya namna hiyo inaweza kukuokolea hela nyingi kuliko ufadhili mnono wa chuo binafsi.

Februari 2026: barua ya kwanza kwa A imegonga mwamba

Niliomba ushauri kwa mjomba wangu wa Tanga, mzee aliyepeleka posa za ukoo mzima. Baada ya shikamoo na habari za watoto akanipa mtindo: sifia nyumba, shukuru, jieleze kwa unyenyekevu, usitaje kiasi, waachie wenyewe waone haya. Barua ikatoka ndefu na nzuri. Ilisema nimeheshimiwa sana, familia yangu inafuraha, gharama ni kubwa, naomba wanifikirie.

Jibu la A lilikuwa la mistari minne, lile lile wanalompelekea kila mtu: ufadhili umetolewa baada ya kuangalia maombi yote kwa makini, bajeti ina kikomo, karibu sana.

Nikarudi nikitaja D: wamenipa ada yote, je, mnaweza kusogea? Jibu likaja haraka zaidi na fupi zaidi. Wanalinganisha na vyuo wanavyoshindana navyo tu, na D si mmoja wao. Hapo hakuna ubishi. Mwanafunzi wa A haachi A kwenda D, nao wanalijua hilo kwa takwimu za miaka mingi. Barua ya D ina nguvu kwa C, na kidogo kwa B.

Nilipomsimulia mjomba kwamba hapa inabidi utaje chuo kingine kimekupa kiasi gani na uambatishe ushahidi, alinyamaza kidogo. "Mpwa, kwenye posa hata mwendawazimu hasemi nyumba ya pili wanadai kiasi gani." Lakini kwa jambo moja alikuwa sahihi, na nimelitumia toka siku ile. Anayepokea barua yako ofisi ya udahili ni mshenga. Hana hela mfukoni, anapeleka maneno yako kwenye kamati. Barua iliyojaa sifa haimpi kitu cha kubeba. Mpe namba mbili, sababu moja, na karatasi ya kuonyesha.

Februari, mwishoni: sharti la D

Ada yote bure, lakini kila mwisho wa mwaka GPA isishuke chini ya 3.2. Kwa mtu aliyezoea kufaulu inaonekana ni kitu cha kawaida. Sivyo. Vyuo vingi vya sheria vya Marekani hugawa alama za mwaka wa kwanza kwa kipimo kilichopangwa: profesa analazimika wastani wa darasa uangukie mahali fulani, hata kama wote wameandika vizuri. Kwenye kitabu cha kanuni cha D mahali hapo ni 3.0. Maana yake sehemu kubwa ya darasa itakosa 3.2. Ripoti yao ya 509 ilionyesha hilohilo: zaidi ya theluthi ya walioingia na ufadhili wa masharti walipunguziwa au kufutiwa.

Nikafanya hesabu ya kuupoteza mwishoni mwa mwaka wa kwanza: miaka miwili iliyobaki ingekuwa na pengo la 81,000 kila mmoja, na kuhama chuo ukiwa na alama za chini ni shida. Hii ndiyo ofa iliyokuwa inameremeta kuliko zote mezani, na ndiyo ilikuwa hatari kuliko zote.

Niliandika hivi: ninaipenda ofa, sharti linanizuia kuikubali, je, mnaweza kuliondoa, au kulishusha liwe "kubaki na hadhi nzuri ya kitaaluma"? Walikataa kuliondoa kwenye ada yote. Siku chache baadaye wakaja na kingine: 45,000 bila sharti lolote zaidi ya kutofukuzwa chuo. Pengo limepanda kutoka 23,000 hadi 36,000, lakini ni 36,000 ninayoweza kuiamini. Kwa macho yangu ofa imeboreka.

Machi 2026: B, fomu na simu

B wana fomu ya kuomba ufadhili upitiwe upya. Wengi wanaandika barua na kusubiri jibu ambalo haliji, kwa sababu fomu imefichwa ndani ya akaunti ya mwombaji, chini ya kichwa kingine kabisa. Niliiona siku tatu kabla haijafungwa. Kwa hiyo ukikubaliwa chuo chochote, siku hiyohiyo uliza: utaratibu wa kupitia upya ufadhili ni upi, na mwisho ni lini?

Fomu inataka barua za ofa za vyuo vingine. Pakia barua yenyewe, kurasa zote. Usijaribu kuongeza namba wala kuficha ukurasa wa masharti. Ofisi hizi zinazijua barua za wenzao, na ukigundulika wanaweza kukunyang'anya hata nafasi, na doa hilo litakufuata mpaka kwenye ukaguzi wa tabia kabla ya kuapishwa uwakili.

Niliweka barua ya A na ya D. Kwa B, jina la A ndilo lililofanya kazi, ingawa pengo la A lilikuwa kubwa zaidi. Wanaogopa kumpoteza mtu kwa A.

Wiki iliyofuata walipiga simu, nikiwa nimeegesha gari nje ya shule ya binti yangu. Mama mmoja mwenye sauti ya upole akauliza maswali mawili ya kawaida, kisha akatoa la tatu: "Tukifika 50,000, utalipia nafasi wiki hii?"

Swali hili lijiandaeni nalo. Ukisema ndiyo kwa uongo, umeahidi kwa mdomo jambo ambalo wataliandika kwenye faili. Ukisema hapana, mazungumzo yamekwisha. Nilijibu: "Mkifika hapo, chuo chenu kinaingia kwenye viwili vya mwisho, na D nitawaandikia leo kwamba siji. Kuahidi siwezi kabla sijakaa na mke wangu." Akacheka, akasema na yeye mume wake angemuua. Barua ya 50,000 ilikuja kabla wiki haijaisha. Pengo: 40,000. (D sikuwaandikia siku ile. Niliwaandikia siku ya uamuzi, Aprili.)

Jambo la kuangalia kwenye barua ya namna hii: ufadhili ni kiasi au ni asilimia? Wa B ni kiasi, 50,000 kila mwaka, ada ipande isipande. Nimekadiria ada ipande 4% kwa mwaka: 66,000, kisha 68,640, kisha 71,386. Kwa miaka mitatu hiyo ni 8,026 ya ziada inayoangukia kwangu. Nikauliza kama wanaweza kuufanya asilimia. Hapana. Sikusukuma tena, maana ukiwa umeshapata nyongeza ya 15,000 kwa mwaka, kurudi kila siku na ombi dogo kunakuchosha wewe na mshenga wako.

Machi, mwishoni: A kwa mara nyingine

Sasa nilikuwa na barua ya chuo wanachokijali. Barua yangu ilikuwa na maneno machache:

"Nashukuru kwa nafasi na kwa ufadhili wa 25,000. Ninakipa chuo chenu kipaumbele kwa sababu ya kliniki yenu ya sheria za uhamiaji. B wamenipa 50,000 kwa mwaka bila masharti, barua nimeiambatisha. Kwenu pengo langu ni 81,000, na kuanzia Julai mkopo wa serikali unaishia 50,000. Ufadhili ukifika 50,000, salio la 6,000 nitalilipa kwa akiba yetu na nitaweza kuja. Je, kamati inaweza kuupitia upya?"

Walipandisha hadi 40,000. Ni 45,000 zaidi kwa miaka mitatu, kwa barua inayotosha kwenye kioo cha simu. Lakini pengo limebaki 66,000, na hiyo 16,000 juu ya kizingiti ni benki kila mwaka. Niliwauliza kama wangeongeza nafasi zikianza kuachwa wazi Aprili. Wakasema niwaandikie tena baada ya tarehe yao ya malipo. Niliandika, hawakuongeza. Nimekitoa A kwenye orodha. Kuna watu wangekikubali kwa deni lile, na kama lengo lako ni makampuni makubwa ya New York huenda hesabu yao ni sahihi. Yangu haikuwa hiyo: nataka uhamiaji, na mishahara ya huko hailipi deni la namna ile.

Aprili 2026: C

Kwa chuo cha serikali nilitarajia ukuta. Nilikuta watu wenye bajeti ndogo lakini wanaosikiliza. Niliwapelekea barua ya B na ya 45,000 ya D, nikaeleza kwamba naishi Houston, nataka kufanya kazi Houston, na sitahama nikimaliza. Hilo la mwisho liliwagusa kuliko barua zote mbili, kwa sababu wanataka wahitimu wanaobaki jimboni. Wakaongeza hadi 20,000. Pengo la kwenye karatasi: 37,000.

Tarehe ya mwisho ya B ilikuwa 15 Aprili na ya C ilikuwa 1 Mei. Niliwaomba B wanisogezee, wakanipa mpaka tarehe 24. Omba kabla tarehe haijafika. Ukiomba siku ya pili yake, nafasi ameshapewa mtu wa orodha ya kusubiri. Kulipia nafasi vyuo viwili ili kununua muda ni jambo la kuepuka, kwa kuwa hela hairudishwi na LSAC huwaonyesha vyuo nani ameshika nafasi mahali pawili.

23 Aprili 2026: uamuzi

B 40,000, C 37,000, D 36,000. Kwa karatasi zinakaribiana. Mama Salma ndiye aliyeivunja meza.

"Baba Salma, hizo hela za kujikimu wamemhesabia nani?"

Wamemhesabia mwanafunzi mseja anayepanga chumba. Sisi tuna nyumba tuliyokwisha kuipanga, mshahara wa nesi, na bibi yake Salma anayeishi dakika kumi kutoka hapa na kumlea bila malipo. Tukibaki Houston, zile 25,000 za kujikimu za C karibu zote tayari zinalipwa na maisha tuliyonayo. Ninachohitaji ni salio la ada, 12,000. Tukihamia kwa B, mke wangu anaanza kutafuta leseni ya jimbo jingine na kazi mpya, tunalipia malezi ya mtoto, na 40,000 inageuka kuwa namba ya chini kabisa badala ya ya juu. D ni hivyohivyo, tena mji wenyewe una hospitali moja.

Nimelipia nafasi C, dola 500. Barua za kujitoa zimekwenda A, B na D siku hiyohiyo, kila moja ikimtaja kwa jina mtu aliyenihudumia.

6 Mei 2026: yaliyobaki

C wamethibitisha kwa maandishi kwamba 20,000 ni ya miaka yote mitatu na sharti pekee ni kubaki na hadhi nzuri ya kitaaluma. Barua ya kwanza haikusema miaka mingapi, ndiyo maana niliuliza. FAFSA, fomu ya kuomba mkopo wa serikali, imekubaliwa. Nitakopa 12,000 kwa mwaka wa kwanza, nisiguse zaidi hata wakiniwekea 37,000 kwenye akaunti ya mikopo, na wataniwekea. Ada rasmi ya 2026–27 bado haijapitishwa. Ikipanda, nitasahihisha meza ya Januari hapo juu na kuandika tarehe ya sahihisho.